Waacheni wanafunzi wa Tanga waunganishe bodi wenyewe

Kila mradi unaopeleka bodi za mikrokontrola shuleni una siku yake ya maonyesho. Meza hutandikwa kitambaa, kompyuta mpakato huwashwa mapema, na mtaalamu aliyekuja na vifaa huunganisha bodi kwa waya wa USB, akajaribu, akarekebisha, akajaribu tena. Wageni wanapofika, taa zinawaka na kuzima kwa zamu, feni inazunguka, namba za joto zinapita kwenye kioo, na wanafunzi wanapiga makofi. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi iliyofanyika kabla ya wageni kuketi, ile ya kuiunganisha bodi na kompyuta mpaka vikasikilizana, ndiyo yenye elimu kubwa kuliko yote yaliyoonyeshwa siku hiyo. Na ndiyo kazi ambayo wanafunzi hawaachiwi. Jambo hili linafaa kuamuliwa sasa katika Jiji la Tanga na katika wilaya za pwani yake, Mkinga, Muheza na Pangani, kabla maboksi hayajawa mengi na mazoea hayajawa sugu.

Tanga ina sababu zake za kulitazama suala hili kwa makini. Tangu mwanzoni mwa muongo huu jiji lina STEM Park, kituo cha sayansi cha Projekt Inspire kilichoanzishwa kwa ushirikiano na Halmashauri ya Jiji na kwa msaada wa Fondation Botnar ya Uswisi, ambako watoto huruhusiwa kugusa vifaa. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, kufuatia toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, imeuweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa elimu ya jumla, maana yake kazi ya mikono si tena makimbilio ya walioshindwa. Na mji wenyewe umekulia kwenye mitambo: reli, viwanda vya mkonge, bandari, saruji, na kwa miaka kadhaa kiwanda cha mbolea na cha chuma. Hata shule ya serikali ambayo Wajerumani waliifungua Tanga katika miaka ya 1890 haikuishia kwenye ubao na chaki, kwani gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo wazo kwamba mwanafunzi wa Tanga anaweza kusimama mbele ya mashine na kuielewa si geni hapa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja: ina sehemu ya kukokotoa, ina kumbukumbu, na ina pini za kupokea na kutoa umeme. Imo kwenye mita ya LUKU ukutani, kwenye rimoti ya televisheni, kwenye mashine ya kufulia na kwenye kidhibiti cha chaji cha sola. Tofauti yake na kompyuta ya mezani ni kwamba haina kioo wala kibodi, na haiwezi kuandikiwa kazi ikiwa peke yake. Arduino Uno, bodi ya mafunzo inayojulikana kuliko nyingine, kwa miaka mingi imejengwa juu ya chipu ya ATmega328P yenye mwendo wa megahezi 16, kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kilobaiti 2 ni herufi 2,048, kiasi cha aya mbili za makala haya. Kwa sababu hiyo inahitaji kompyuta kubwa ya kuitumikia: mwanafunzi huandika maagizo kwenye kompyuta mpakato, programu maalumu huyageuza kuwa lugha ya mashine, kisha huyasukuma kupitia waya wa USB hadi kwenye chipu, nayo huyashika hata umeme ukikatika.

Maelezo hayo yanaonekana mepesi, lakini ndani yake mna mahali pengi pa kukwama. Kuna waya. Nyaya nyingi zinazokuja na chaja za bei nafuu zina nyuzi mbili za umeme tu, hazina zile mbili za kupitisha data. Bodi itawasha taa yake ndogo, mwanafunzi ataamini mambo ni shwari, na kompyuta haitaona kitu. Kuna draiva. Bodi za kuiga, ambazo ndizo nyingi sokoni kwa kuwa bei yake ni ndogo mara kadhaa kuliko ya bodi halisi, mara nyingi hutumia chipu ya CH340 kutoka China kuzungumza na kompyuta, na Windows za zamani haziitambui mpaka ziwekewe draiva yake. Kuna poti: kompyuta huipa bodi jina kama COM3 au COM7, na ukichagua jina lingine programu itatumwa kusikokuwa na mpokeaji. Kuna aina ya bodi, ambayo lazima itajwe sawasawa. Nano nyingi za kuiga zina programu ya mapokezi ya toleo la zamani, na usipoieleza kompyuta hivyo, bodi nzima kabisa itaonekana imekufa. Kuna pini namba 0 na 1, ambazo USB yenyewe huzitumia kupitishia programu, hivyo kihisi kilichochomekwa hapo huziba njia. Na kuna suala la muda: kila bodi inapoanza upya, programu ya mapokezi husikiliza kwa kitambo kifupi kama kuna kazi mpya inayokuja, na isipokuja hurudi kwenye kazi ya zamani.

Sababu zote hizo, tofauti kabisa kati yake, huleta dalili moja. Kompyuta inasema bodi haijibu. Hapo ndipo penye elimu, kwa sababu mwanafunzi hawezi kutoka kwa kukariri. Analazimika kutenganisha sababu moja na nyingine, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuacha vingine kama vilivyo, kisha kuangalia kilichobadilika. Chomoa waya, tazama jina gani la poti limetoweka kwenye orodha. Chomeka tena, tazama kama limerudi. Likitoweka na kurudi, waya na draiva ni vizima, na tatizo liko mbele zaidi. Lisipotoweka jina lolote, hakuna haja ya kuhangaika na programu, tatizo liko nyuma. Vitabu vya fizikia na baiolojia hutumia kurasa nyingi kueleza jaribio lenye kidhibiti, na mitihani huuliza maana yake. Hapa mtoto anafanya jaribio hilo kwa sekunde kumi, kwa kuwa anataka jibu, na jibu linakuja bila kumsubiri mwalimu. Hakuna nahodha wa ngalawa aliyejifunza kazi yake kwa kupandishwa chomboni tanga likiwa limekwisha kutwekwa.

Historia ya bodi hizi inaunga mkono hoja hii. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, kaskazini mwa Italia, kwenye taasisi iliyofundisha usanifu. Mji huo ulikuwa makao ya kampuni ya Olivetti, watengenezaji wa taipureta, na viwanda vyake vilikuwa vimekwisha kupoteza nguvu. Jambo ambalo msomaji wa Tanga hahitaji kuelezwa sana. Massimo Banzi na wenzake David Cuartielles, Tom Igoe, Gianluca Martino na David Mellis walijengea juu ya kazi ya mwanafunzi kutoka Colombia, Hernando Barragán, ambaye mwaka 2003 alianza mradi aliouita Wiring. Wanafunzi wao walikuwa wasanifu, hawakuwa wahandisi, na bodi zilizokuwapo zilikuwa ghali na zilihitaji vifaa vya pembeni vya kupakia programu. Walichofanya watu hao ni kupunguza gharama na hatua za kuunganisha mpaka mtu wa kawaida aweze kuzifanya mwenyewe mezani kwake. Kisha wakaweka michoro ya bodi wazi, kila mtu anakili, ndiyo maana leo kuna bodi za kuiga kutoka Shenzhen zinazofika hadi Tanga. Uvumbuzi wao mkubwa haukuwa chipu, maana chipu walinunua. Ulikuwa ni kumwezesha asiye mhandisi aunganishe mwenyewe. Tukileta bodi hiyo Tanga kisha tukamwita mtaalamu kutoka Dar es Salaam aje aiunganishe, tumeuacha uvumbuzi wenyewe njiani.

Mtu anaweza kujibu kwamba dunia imekwisha kulipita tatizo hili. Mwaka 2016 BBC na washirika wake waligawa bodi ya micro:bit bure kwa watoto wa miaka 11 na 12 kote Uingereza, karibu milioni moja, na bodi hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta hujitokeza kama fleshi ya kawaida: unanakili faili ndani yake, na kazi imekwisha. Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021, inafanya karibu vivyo hivyo. Unashikilia kitufe kimoja wakati wa kuchomeka. Kwa nini tuwatese watoto wetu na draiva na poti? Pingamizi hili lina uzito, na kwa mtoto wa shule ya msingi nalikubali moja kwa moja. Mtoto wa darasa la tano apewe micro:bit, aone moyo ukimulika kwa taa zake 25, afurahi, arudi kesho. Lakini kijana wa kidato cha tatu, na zaidi aliye kwenye mkondo wa amali, anaandaliwa kwa vifaa ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Mashine ya kupima sukari hospitalini, kidhibiti cha pampu ya maji, mita ya umeme wa kiwandani, injini ya boti ya kisasa, vyote huunganishwa na kompyuta kwa waya, poti, draiva na kasi ya mawasiliano iliyokubaliwa pande zote mbili. Anayejua tu njia iliyolainishwa atasimama mlangoni mwa kazi.

Pingamizi zito zaidi ni la mwalimu, na anayelitoa ana haki. Kipindi ni dakika 40. Darasa lina wanafunzi wengi, kompyuta ni chache, na umeme hauna ahadi. Mwalimu akiacha kila kundi lihangaike na waya, kengele italia kabla taa haijawaka hata moja, mkaguzi ataandika kuwa somo halikufikia lengo, na mwalimu mwenyewe ataonekana hajui mbele ya wanafunzi wake. Kwa hesabu hiyo, kuunganisha bodi mapema ni busara ya mtu anayejua mazingira yake. Lakini hesabu hiyo inakwenda hivyo kwa sababu lengo limeandikwa kuwa taa iwake. Likiandikwa kuwa mwanafunzi aweze kueleza kwa nini taa haijawaka, na aondoe sababu mbili kwa ushahidi, kipindi kilichokwisha bila taa kuwaka kinaweza kuwa kimefaulu. Vipindi viwili vilivyounganishwa, au saa ya klabu ya sayansi baada ya masomo, vinatosha kwa kundi la watu wanne wenye bodi moja. Na mwalimu anayesema mbele ya darasa kwamba hajui tatizo liko wapi, kisha akalitafuta pamoja nao kwa utaratibu, hajapoteza heshima. Amewaonyesha kazi halisi ya mhandisi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kutafuta kosa.

Hata hivyo si kila ugumu unafundisha. Hapa ndipo watetezi wa kujifunza kwa vitendo hukosea, wakadhani kila kikwazo kina baraka. Kusubiri faili ya mamia ya megabaiti ishuke kwa bando la mwalimu hakumfundishi mtu chochote, na kifurushi cha kuwezesha bodi za ESP32 ni kikubwa kiasi hicho. Toleo la pili la programu ya Arduino linadai Windows 10 ya biti 64 au mpya zaidi, wakati kompyuta nyingi zilizotolewa msaada kwa shule zetu ni za zamani kuliko hapo. Toleo la 1.8 linafanya kazi vizuri kwenye mashine hizo, na linaingia kwenye fleshi ndogo pamoja na draiva ya CH340. Maandalizi ya aina hii ni wajibu wa mradi, wa ofisi ya elimu ya wilaya au wa mwalimu wa TEHAMA, na yafanyike kabla. Vivyo hivyo lugha. Ujumbe wa makosa unatoka kwa Kiingereza kigumu ambacho hata Mwingereza asiye fundi hakielewi, na karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani, inayosema ujumbe huu maana yake nini na mahali pa kuangalia kwanza ni wapi, ingeokoa vipindi vingi. Taasisi ya Elimu Tanzania ingeweza kuichapa kwa gharama ndogo mno. Ondoa ugumu wa bando na wa lugha, acha ugumu wa kufikiri.

Swali linalobaki ni nani atawafundisha walimu, na jibu la kawaida ni semina, hoteli na mtaalamu wa kutoka mbali. Tanga ina jibu la karibu zaidi ambalo sijaona likipewa uzito. Nenda Ngamiani, kwenye barabara zake za namba, utazame fundi simu anapoflashi simu iliyogoma kuwaka. Anachagua waya anaoujua kwa kuwa ameshaumizwa na nyaya za chaji tupu. Anaweka draiva inayolingana na chipu ya simu. Anashikilia kitufe cha sauti wakati wa kuchomeka ili simu iingie kwenye hali ya kupokea, na anajua ana sekunde chache tu kabla haijatoka. Anatazama kompyuta imetoa poti gani, anachagua faili sahihi, anasukuma. Ikikataa, anabadilisha waya, kisha tundu la USB, kisha draiva. Hatua kwa hatua, hii ndiyo kazi ya kuunganisha bodi ya mikrokontrola na kompyuta. Hata ESP32 nyingi hutaka kitufe kishikiliwe wakati kompyuta inapoita. Kijana ambaye jamii humtazama kama mtu aliyekosa shule anaujua moyo wa somo ambalo shule inaona ni la kigeni.

Najua shaka itakayotolewa: fundi wa mtaani anajua kufanya bila kujua kwa nini. Kwa baadhi yao ni kweli. Fundi anaweza kujua kwamba draiva fulani inafaa bila kuweza kueleza draiva ni nini, na mwalimu wa fizikia anaweza kueleza mkondo wa umeme vizuri bila kuwahi kuona waya wa USB usio na data. Ndiyo sababu wawili hawa wakae meza moja. VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na ina chuo Tanga. Fundi aliyepitia utaratibu huo anaweza kualikwa shuleni kwa posho ya siku, akae na walimu watatu na bodi kumi, kwa gharama ambayo haifiki hata robo ya semina moja ya hotelini. Mwalimu atoke na ujasiri wa mikono, fundi atoke na majina na sababu za anachokifanya. Jamii ya Tanga ingefaidika mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Wapo wanaosema vifaa vyenyewe si lazima, kwa kuwa sasa kuna programu za kuigiza zinazochora bodi, taa na nyaya kwenye kioo, na wengine wanaongeza kuwa akili mnemba inaandika programu nzima kwa sekunde chache. Programu za kuigiza ni nzuri kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa mpangilio wa maagizo, na shule yenye intaneti izitumie. Lakini waya uliochorwa haukatiki ndani ya plastiki, pini iliyochorwa haioti kutu ya chumvi, na sote tunaoishi pwani tunajua hewa ya bahari inavyokula shaba. Akili mnemba nayo inaweza kuandika programu safi ya kusoma joto, ila haioni kwamba kihisi kimechomekwa kinyume. Ili isaidie, lazima mtu aieleze hasa kinachotokea: taa gani inawaka, jina gani la poti limetokea, namba gani zinasomeka. Anayeweza kueleza hivyo ni yule aliyewahi kuhangaika na bodi kwa mikono yake.

Nitoe mfano mmoja wa pwani hii ili hoja isibaki hewani. Wakulima wa mwani wa Mkinga na Pangani, wengi wao wanawake, wanajua kwamba aina ya kotoni, yenye bei nzuri zaidi, huugua na kukatika maji yanapopata joto kupita kiasi, na spinosamu huvumilia zaidi. Kuna kihisi cha joto kinachoitwa DS18B20, kimefungwa ndani ya bomba la chuma lisilopitisha maji, chenye usahihi wa nusu ya digrii kwa joto lolote linalopatikana baharini. Kinataka nyaya tatu na kipingamizi kimoja cha ohmu 4,700. Kundi la wanafunzi wa kidato cha tatu linaweza kukiunganisha, kukitumbukiza kwenye maji ya kina kifupi wakati wa bamvu na wakati wa maji mafu, na kuandika namba kwa muhula mzima. Sasa tazama kinachotokea kipingamizi kikisahaulika au waya ukilegea: programu inayotumiwa na wengi huandika digrii 127 chini ya sifuri. Mara nyingine namba huwa 85, ambayo ni namba ya kuanzia ya kihisi kabla hakijapima chochote. Na kasi ya mawasiliano ikiwekwa tofauti pande mbili, 9600 huku na 115200 kule, kioo kinajaa alama zisizosomeka.

Mwanafunzi aliyekabidhiwa kifaa kilichokwisha kuunganishwa ataiandika 85 kwenye daftari kwa sababu mashine imesema. Aliyekiunganisha mwenyewe atacheka, atasema bahari ya Tanga haichemki, na atashika waya. Tofauti kati ya watu hawa wawili ndiyo ninayoipigania, kwa sababu kizazi hiki kitaletewa namba kutoka mashine za kila aina, za hospitalini, za benki, za hali ya hewa, za serikali, na wananchi wasiojua kuihoji mashine wataburutwa na kila namba itakayotoka. Isitoshe, data ya muhula mmoja kutoka ufuko mmoja, iliyochukuliwa kwa uangalifu, ni kitu ambacho mkulima wa mwani anaweza kukitumia anapoamua afunge kamba zake wapi. Shule itakuwa imekilipa kijiji kitu kinachoonekana.

Bado kuna sauti inayouliza kwa nini tuzungumze habari za bodi wakati shule nyingine hazina madawati wala maabara ya kemia. Sitaki kuipuuza, kwa kuwa mzazi anayeuliza hivyo hajakosea. Jibu langu ni kwamba sipendekezi bodi kwa kila shule. Napendekeza kwamba pale ambapo kompyuta na bodi zimekwisha kufika, au zinakuja kwa fedha za wafadhili ambazo hazitageuka madawati hata tukiomba, zitumike kwa namna inayoacha ujuzi. Bodi tano zinazoguswa zinashinda bodi hamsini zilizofungiwa kabatini kwa hofu ya kuharibika. Nazo hakika zitaharibika. Pini ya Uno haifai kubebeshwa zaidi ya milliampea 20 kwa kawaida, na mtoto atakayeunganisha mota moja kwa moja ataiunguza. Ndiyo maana apewe kwanza hesabu anayoijua: volti 5 za pini, ukiondoa volti 2 zinazobaki kwenye taa nyekundu, ukigawa kwa ohmu 220, unapata takriban milliampea 14, na taa inawaka salama. Kanuni ya Ohm, ambayo wengi huiona kama sentensi ya mtihani, hapo inalinda kifaa. Na kwenye Uno ya muundo wa kawaida chipu kubwa imekaa kwenye soketi. Ikiungua hung'olewa na nyingine hupachikwa, bila kutupa bodi. Bajeti ya mradi iwe na mstari wa vifaa vitakavyoungua, uandikwe waziwazi, ili mwalimu asiogope kukatwa mshahara kwa sababu mtoto amejifunza.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wakuu wa shule za Tanga, kuanzia shule kongwe za mjini hadi zile za kata zilizo pembezoni mwa Mkinga na Pangani. Mwaka huu au ujao atakuja mtu na maboksi, karatasi ya kusaini na mpiga picha. Kabla ya kusaini, muulize kama ndani mna fleshi yenye programu na draiva zinazofanya kazi kwenye kompyuta zenu kama zilivyo, bila intaneti. Muulize kama nyaya zimejaribiwa kuwa zinapitisha data na kama kuna za akiba. Muulize nani hapa wilayani atapigiwa simu bodi ikikataa kujibu. Akiwa na majibu, mkaribishe, na siku ya maonyesho mwambie maboksi yafunguliwe na wanafunzi, mbele ya wageni, wageni wasubiri.